Nyambizi yamhusu nini mtu wa Loitokitok?

MSOMAJI mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Loitokitok, ameniandikia barua ambayo imenikalia moyoni kwa majuma mawili sasa. Anasema aliokota kitabu kikuukuu katika maktaba ya shule yao, jalada lilikwisha kung'oka, na ndani yake alikuta sura nzima kuhusu nyambizi za Waingereza za mwanzoni mwa karne ya 20. Aliisoma sura hiyo hadi mwisho, kisha akashika kalamu kuniuliza maswali mawili.

La kwanza ni hili: chombo cha chuma kizito namna ile huwezaje kuzama kwa hiari yake, kisha kikaibuka tena bila kuvutwa na mtu? La pili, na ndilo lililonikosesha usingizi, aliliuliza hivi: "Sisi huku tuna mlima, tuna ng'ombe na tuna mashamba ya nyanya. Bahari tunaiona kwenye ramani tu. Mambo haya yatuhusu nini?"

Ni swali la haki kabisa. Nitajaribu kuyajibu yote mawili, ila namwomba anivumilie, kwani jibu la swali la pili hupitia ndani ya lile la kwanza.

Jerikeni bwawani

Tuanze na kitu anachokijua kila mtoto wa Loitokitok, nalo ni jerikeni la lita 20, lile punda anabebeshwa kwenda kuteka maji. Lifunge barabara likiwa tupu, ulitupe bwawani. Litaelea juu kama bata. Sasa lijaze maji pomoni ulirudishe. Litadidimia mpaka libaki mdomo tu unaochungulia. Ukilitia na kokoto chache, litakwenda chini moja kwa moja.

Nyambizi hufanya vivyo hivyo. Ina matangi makubwa. Ikitaka kuzama hufungua vilango na kuyaacha matangi yajae maji ya bahari, mpaka ifikie uzito ule wa jerikeni linalochungulia, si la kuelea wala la kuzama. Baada ya hapo mapezi yake ya ubavuni, yanayofanya kazi kama mapezi ya samaki, huielekeza chini au juu inapokwenda. Ikitaka kuibuka, hewa iliyoshindiliwa ndani ya mitungi hufunguliwa, nayo huyasukuma maji nje ya matangi. Chombo huwa chepesi tena na kurudi juu.

Maelezo ni mepesi, lakini kuna mambo mawili magumu. Jambo la kwanza ni uzito wa maji yenyewe. Kila mita 10 unazoshuka, maji hukukandamiza kwa nguvu ya kama kilo moja zaidi juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mtu aliyeliona bomba la Noolturesh, linalopeleka maji ya chemchemi za chini ya Kilimanjaro hadi pande za Kajiado na Machakos, ataelewa jambo hili. Kadiri bomba linavyoteremka kutoka chanzo chake ndivyo msukumo unavyozidi, na palipo na udhaifu hapo ndipo linapopasuka. Katika nyambizi, udhaifu huo ni kifo cha watu wote waliomo.

Jambo la pili ni pumzi. Injini ya petroli au ya dizeli hula hewa, tena kwa pupa kuliko binadamu. Ukiiwasha chini ya maji itawamalizia mabaharia hewa yao. Ndiyo maana nyambizi za zamani zilikuwa na mioyo miwili. Juu ya maji zilitumia injini ya mafuta, ambayo pia ilichaji betri. Chini ya maji zilizima injini hiyo na kutumia mota ya umeme, zikila akiba ya betri. Akiba ikiisha, sharti chombo kiibuke. Kwa hiyo nyambizi za siku zile hazikuwa samaki. Zilikuwa kama kiboko, ambaye huzama lakini hana budi kurudi juu kupumua.

Mwalimu kutoka Ireland

Mtu aliyeiunganisha mioyo hiyo miwili ikafanya kazi vizuri hakuwa admirali. Alikuwa mwalimu wa shule, John Philip Holland, aliyezaliwa Ireland mwaka 1841 na kuhamia Marekani mwaka 1873. Baada ya miaka mingi ya kujaribu na kushindwa, jeshi la majini la Marekani lilinunua nyambizi yake mwaka 1900. Mwaka uo huo Waingereza nao waliagiza tano za muundo wake, zijengwe na kampuni ya Vickers katika mji wa Barrow, kaskazini mwa Uingereza.

Ya kwanza, iliyoitwa Holland 1, iliteremshwa majini tarehe 2 Oktoba 1901. Ilikuwa na urefu wa mita 19 na ushei, mabaharia wanane, na bomba moja la kufyatulia topido, yaani lile kombora linaloogelea. Wakubwa kadha wa jeshi la majini waliibeza, wakisema ni silaha ya wanyonge na ya kuvizia, isiyomfaa taifa lenye manowari nyingi kuliko mataifa yote. Hata hivyo waliendelea kuijenga, maana walijua kwamba wasipoijenga wao, jirani ataijenga.

Kuanzia hapo Waingereza walizipa nyambizi zao majina ya herufi, A, B, C, D na kuendelea. Ukizifuata herufi hizo kwa makini utaona kwamba karibu kila hatua ilinunuliwa kwa roho za watu.

Tarehe 18 Machi 1904, nyambizi A1 ilikuwa katika mazoezi. Meli ya abiria Berwick Castle ilipita juu yake bila kuiona, ikakitoboa kijumba chake cha juu. Maji yaliingia na watu wote 11 wakafa. Tangu siku hiyo nyambizi za Uingereza ziliwekewa mlango wa pili chini ya kijumba hicho, ili kikipasuka maji yasifike ndani.

Mwaka 1905, mvuke wa petroli ulilipuka ndani ya A5 na kuua baadhi ya mabaharia wake. Petroli katika chumba kilichofungwa ni hatari, na hewa chafu ya injini yake huua kimyakimya, kiasi kwamba mabaharia wa nyambizi za kwanza walifuga panya weupe wa kuwapa onyo. Panya akizimia, mtu anajua zamu yake inakuja. Si hayo tu. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Basi wahandisi waliiacha petroli na kugeukia dizeli, ambayo haishiki moto ovyo. Nyambizi D1, iliyoteremshwa mwaka 1908, ilikuwa na injini za dizeli na mapangaboi mawili, na matangi yake ya maji yalihamishiwa nje ya tumbo, mfano wa matandiko ya punda. Kutokana na D ilizaliwa E, yenye urefu wa mita 55, ambayo ndiyo iliyofanya kazi kubwa katika Vita Kuu vya Kwanza.

Vita hivyo vilimaliza dharau yote. Tarehe 22 Septemba 1914, nyambizi moja tu ya Wajerumani, U-9, ilizamisha manowari tatu kubwa za Waingereza kwa muda usiofika saa mbili. Watu kama 1,450 walikufa. Silaha ya wanyonge ilikuwa imewafikia wenye nguvu.

Na kama kuna anayedhani kwamba Waingereza waliendelea kupanda tu bila kuteleza, na atazame herufi K. Walitaka nyambizi ya kukimbia sambamba na manowari kubwa. Dizeli za wakati huo hazikuwa na mbio hizo, wakaamua kutumia mvuke. Wakajenga chombo cha mita 103 chenye tanuri na mabomba ya moshi, ambayo ilibidi yakunjwe na kuzibwa kabla ya kuzama. Hebu fikiri, mama anayetaka kuingia kisimani na jiko lake likiwaka! Usiku wa tarehe 31 Januari 1918, karibu na kisiwa cha May huko Scotland, nyambizi za K na manowari nyingine ziligongana zenyewe kwa zenyewe gizani. Watu 104 walikufa, na adui hakuwapo hata mmoja.

Mwanafunzi mwenye bidii

Sasa tusogee upande wa mashariki, maana ndiko njia ya kuja kwetu inakopitia.

Mwaka 1902 Uingereza ilifanya mkataba wa urafiki na Japani. Wajapani walikuwa wanafunzi wenye bidii. Mwaka 1905 waliunganisha nyambizi zao tano za kwanza, za muundo wa yule mwalimu Holland, zilizoletwa kutoka Marekani. Kisha walikwenda Barrow, kwa Vickers wale wale, wakanunua nyambizi za muundo wa herufi C. Mbili zilijengwa huko huko Uingereza, na nyingine vipande vyake vilisafirishwa vikaunganishwe Japani. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza kampuni ya Mitsubishi ilipata kibali cha kujenga nyambizi za herufi L, warithi wa zile za E, nayo iliendelea kuzijenga na kuziboresha katika miaka ya 1920.

Tusiseme uongo. Wajapani hawakuwa na mwalimu mmoja. Waligawiwa pia nyambizi za Wajerumani walioshindwa, na zile kubwa walizojenga baadaye zilifuata mafunzo ya Kijerumani pamoja na akili zao wenyewe. Lakini ni kweli kwamba somo kubwa la mwanzo, la kujua jinsi tumbo la chuma linavyotengenezwa na jinsi mabaharia wanavyofunzwa kuishi ndani yake, walilipata kwa Waingereza kwa makubaliano na kwa malipo. Hakuna aliyeiba. Miaka ile walikuwa marafiki.

Urafiki huo uliisha katika miaka ya 1920. Disemba 1941 waliokuwa mwalimu na mwanafunzi walikutana vitani.

Siku ya Khedive Ismail

Katika juma la kwanza la Februari 1944, msafara wa meli tano za kubeba askari uling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kuelekea Ceylon, nchi ambayo leo twaiita Sri Lanka. Mojawapo iliitwa Khedive Ismail. Ilikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote humo lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, askari na maafisa wao wapatao 996. Walikuwa wakienda kuungana na wenzao wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye mwaka huo ilipigana na Wajapani kule Burma. Walikuwamo pia wanawake 83, wengi wao wauguzi.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Nyambizi ya Wajapani, I-27, ilikuwa ikiuvizia. Nyambizi hii ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, mara tano ya ile Holland 1, lakini bado ilikuwa na mioyo miwili ile ile, dizeli juu na betri chini. Ilifyatua topido. Mbili ziliipata Khedive Ismail.

Meli ile ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Msomaji, dakika mbili hazitoshi hata kuchemsha chai. Mtu aliyekuwa vyumba vya chini hakuwa na njia ya kufika juu.

Lililofuata ni gumu kulisimulia kwenye ukurasa unaosomwa na watoto, lakini ni kweli na lazima lisemwe. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea manusura. Manowari mbili za kusindikiza, Petard na Paladin, zilikuwa na meli nyingine nne za kulinda, nazo zilikuwa na maelfu ya watu. Ziliangusha mabomu ya kulipuka chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wameokoka topido waliuawa na mabomu ya upande wao. Nyambizi iliharibiwa, ikaibuka. Paladin ilijaribu kuigonga, na pezi la nyambizi likaipasua ubavu. Mapambano yaliendelea kwa zaidi ya saa mbili, mpaka Petard ilipoimaliza I-27 kwa topido yake ya saba. Katika mabaharia wa nyambizi hiyo aliokoka mtu mmoja tu.

Kutoka Khedive Ismail waliokolewa wanaume 208 na wanawake sita. Watu 1,297 walikufa.

Jibu langu

Sasa, kijana wangu wa Loitokitok, narudi kwenye swali lako la pili.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisa hiki kinaunga mkono nusu tu ya methali hiyo. Ni kweli kwamba Uingereza ilimfundisha mwenzake kuchimba, na baadaye meli ya Uingereza ikatumbukia. Lakini waliojaa ndani ya meli ile hawakuwa wahandisi wa Barrow wala wakubwa wa London waliotia saini mikataba. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la askari wa Afrika Mashariki, watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanaitaka vita ile. Kisima kilichimbwa na mtu mwingine, akaingia mpita njia.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mambo haya hayakuhusu. Mwaka 1901, Holland 1 ilipoteremshwa majini, mtoto wa kuchunga ng'ombe chini ya Kilimanjaro angecheka kama ungemwambia kwamba kile chombo kidogo chenye panya weupe kina uhusiano na watu wa nchi yake. Miaka 43 haikuwa imetimia kabla uhusiano huo haujaonekana. Jambo unaloliacha kulisoma kwa sababu halikuhusu, linaweza kuja kwako lenyewe bila kupiga hodi.

Lipo jambo jingine ninalotaka ulikumbuke. Nyambizi haikubuniwa na mtu aliyeipata katika ndoto. Ilitengenezwa na mwalimu wa shule aliyeshindwa mara nyingi, ikasahihishwa na watu waliokuwa tayari kuuliza baada ya kila msiba, "Kosa lilikuwa wapi, na tufanye nini lisirudiwe?" Mlango mmoja ulioongezwa baada ya A1 ulitokana na swali la aina hiyo. Wajapani nao hawakungoja kuletewa. Walikwenda, wakanunua, wakafungua, wakachunguza, mpaka wakajijengea. Elimu ya ufundi haina kabila wala haina bahari. Humkubali yeyote anayekaa nayo chini kwa subira. Itakayofanywa kwa elimu hiyo, iwe kuokoa au kuangamiza, ni juu ya walioishika. Nchi isiyo na watu wa kuishika hubaki kuwa abiria katika meli za wengine.

Kwa hiyo endelea na kitabu chako kisicho na jalada. Mwalimu wako wa fizikia akifika kwenye somo la kuelea na kuzama, mwombe mfanye lile jaribio la jerikeni, tena kwa kokoto za kuhesabu, ujue ni ngapi zinazolifanya lisielee wala lisizame.

Na siku ukija Nairobi, panda matatu ya barabara ya Ngong, ushuke kwenye makaburi ya vita. Ndani yake upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa askari wasio na kaburi linalojulikana. Miongoni mwa wanaokumbukwa hapo ni wale wa Kikosi cha 301 waliokwenda na Khedive Ismail. Wazazi wanaoishi jijini, nanyi wa Kitengela na Ongata Rongai mnaopitwa na Jumapili nyingi mkiwaza mahali pa kuwatembeza watoto, mahali hapo pana nyasi zilizokatwa vizuri, miti na utulivu. Someni majina taratibu, kwa sauti. Ni majina ya huku kwetu.

Ukirudi Loitokitok waulize wazee kama yupo mtu wa ukoo wenu aliyekwenda vita vya Burma asirudi, au aliyerudi asipende kusimulia. Andika watakachokuambia, maana wanaokumbuka wamebaki wachache. Kisha niletee barua ya pili. Safari hiyo mwenye kuuliza nitakuwa mimi.